Kuchagua Ua Ufaao kwa Nyumba na Shamba Lako

Mtu akiisha kujenga nyumba yake, jambo linalofuata ni kufikiri ataizungushia nini. Wengi hawafikiri sana. Humtazama jirani amefanya nini, nao wakafanya vivyo hivyo. Au huenda dukani wakanunua waya kadiri ya fedha zilizomo mfukoni, hata kama hautoshi kumaliza upande mmoja. Baada ya miaka mitatu nguzo zimeliwa na mchwa, waya umelala chini, na mbuzi wa kijiji kizima wanapita mle kama wapitao njia ya sokoni. Mwenye shamba husema kwamba waya ule ulikuwa mbaya. Kwa kweli waya haukuwa na kosa. Yeye mwenyewe hakujiuliza maswali mawili kabla ya kununua. La kwanza, mpaka wangu uko wapi? La pili, ninataka kumzuia nani?

Swali la kwanza latushinda wengi, maana kila mtu hudhani anajua mpaka wake. Tangu zamani watu wa nchi hii walikuwa na alama zao. Wakikuyu walipanda mayungiyungi ya porini yaitwayo itoka, maana ni mmea usiokufa upesi, na hata ukikatwa huchipuka tena mahali pale pale. Wachaga wa Kilimanjaro hutumia isale, nalo jani lake huheshimiwa hata katika kuombana msamaha. Alama hizi hazikuweza kumzuia hata kuku. Kazi yake ilikuwa kutoa ushahidi, kwamba hapa pamekwisha pangu na panaanza pako.

Kazi hiyo ya ushahidi haijakwisha hata leo, na wenye hati za ardhi yafaa waielewe vizuri. Katikati ya miaka ya 1950 vipande vya mashamba katika Mkoa wa Kati vilipounganishwa, wenye mashamba waliagizwa kupanda ua mipakani, ili mistari yake ionekane katika picha zilizopigwa na ndege kutoka angani, na ramani ziandikwe kwa kufuata picha hizo. Kazi hiyo ilifanyika wakati wa Hali ya Hatari, na wako waliokuwa kizuizini wasiweze kusimama mpakani mwao siku ya kupima. Ndiyo sababu ugomvi mwingine wa siku zile umerithiwa na wajukuu. Lakini desturi ya kupima kwa kufuata ua ilibaki. Kwa sheria ya Kenya ya kuandikisha ardhi ya mwaka 2012, ramani ya msajili huonyesha mpaka kwa kukadiria tu, isipokuwa mpaka huo umepimwa na kuandikwa rasmi kuwa umethibitishwa. Maana yake ni kwamba karatasi iliyomo sandukuni haitakuambia mahali penyewe kwa hatua moja au mbili. Ua uliosimama shambani, pamoja na mawe na alama nyingine za mpaka, ndivyo vinavyotazamwa. Sheria hiyo hiyo inamlazimu mwenye ardhi kuzitunza alama za mpaka wake, na kuziharibu au kuzihamisha ni kosa la kushtakiwa.

Tuseme ndugu wawili wamegawiwa shamba la baba yao. Mkubwa ana haraka, anapanda ua wakati wa mvua bila kumwita mdogo wake aliye mjini kazini. Anakosea kwa hatua mbili, pengine bila hila yo yote. Mdogo anarudi baada ya miaka minne, anakuta ua umekwisha kuwa mnene, na ndani yake mna mti wa mparachichi alioupanda mama yao. Hapo hakuna mtu anayezungumza habari za ua tena. Wanazungumza habari za mama. Shauri kama hilo likifika mahakamani, hakimu hataweza kulisikiliza mpaka kwanza msajili wa ardhi ameamua mpaka uko wapi, na gharama za mpima ardhi na za safari zaweza kupita thamani ya kile kipande chenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kuchimba shimo la kwanza, mwite jirani, waite wazee wawili wanaoukumbuka mgawanyo, mzitafute alama, na mnyoshe kamba pamoja. Kama alama zimepotea, afadhali kumlipa mpima ardhi sasa kuliko kumlipa wakili baadaye. Kisha mwelewane kama ua utapandwa juu ya mstari na kuwa wa wote wawili, au ndani ya shamba lako na kuwa wako peke yako. Kama ni wa wote wawili, kila mmoja atakata upande wake.

Sasa tuje kwa swali la pili. Ua wa kuzuia mbuzi si ua wa kuzuia mwizi, na wa kuzuia mwizi si wa kuzuia tembo. Kuku hupita chini, mbuzi hupenya katikati, ng'ombe husukuma kwa kifua, na mwizi hupanda juu au hukata. Mtu asiyejua adui yake atalipia vitu vinne na kupata kimoja.

Kwa shamba la kawaida lenye mbuzi, ng'ombe na mbwa wa jirani, na kwa mtu mwenye subira, bado hatujaona kinachoupita ua wa kayaba. Mti huu asili yake ni Afrika ya Kusini, na jina lake limetokana na mto Kei wa huko. Miiba yake ni mirefu na migumu, majani yake hayapukutiki yote wakati wa kiangazi, nao huvumilia ukame. Matunda yake ni ya manjano na makali sana kwa ulimi, lakini hupikwa jamu. Kosa lake ni kwamba hauna haraka. Usitumaini utazuia mnyama kabla ya miaka mitatu au minne.

Wengi huuharibu kwa jinsi wanavyoupanda. Chukua mbegu katika matunda yaliyoiva, zioshe, zianike kivulini, uziatike kitaluni mapema ili miche iwe tayari masika yanapoanza, mwezi wa Machi au Aprili. Chimba mtaro mmoja badala ya mashimo, uchanganye samadi na udongo wa juu, upande miche katika mistari miwili, kila mche ukiwa sentimeta 30 kutoka kwa mwenzake, na mche wa mstari wa pili ukitazama nafasi iliyoachwa na wa kwanza. Kisha linakuja jambo ambalo watu hawapendi kulisikia: mche ukifika urefu wa sentimeta 30 hivi, ukate kichwa. Ukiuacha uende juu kwa furaha ya kuona unakua, utapata ua mrefu wenye miguu mitupu, na kuku na mbwa watapita chini yake siku zote. Ukiukata kila unapopanda kidogo, utachipuza matawi kutoka chini kabisa. Na unapoupunguza, uache chini pawe papana kuliko juu, ili jua lifikie matawi ya chini. Miaka miwili ya kwanza ni lazima uuzuie usiliwe na mbuzi, hata kwa matawi ya miiba yaliyokatwa.

Sasa tufanye hesabu. Ekari moja iliyo mraba ina pande za meta 64 hivi, na mzunguko wake ni kama meta 254. Mstari mmoja wa kayaba utahitaji miche 850 hivi, na mistari miwili 1,700. Lakini ekari nyingi siku hizi si mraba. Shamba la baba limekatwa vipande virefu ili kila mtoto afike barabarani, na ekari yenye upana wa meta 20 ina urefu wa meta 200 na zaidi. Mzunguko wake wapita meta 440. Eneo ni lile lile, ila ua karibu umeongezeka maradufu. Isitoshe, ua mnene pamoja na mizizi na kivuli chake waweza kuchukua meta mbili kila upande, na katika kipande cha meta 20 hiyo ni sehemu ya tano ya shamba. Mwenye kipande cha namna hii asikimbilie ua mzito wa kuzunguka pande zote. Aweke kayaba upande wa barabara na upande wa mifugo, na mipakani mwa majirani atosheke na ua mwembamba unaokatwa mara kwa mara.

Huo mwembamba nao waweza kufanya kazi. Kwa mfano kaliandra, kichaka cha maua mekundu ambacho wafugaji wa Embu na sehemu nyingine za mlimani wamekipanda sana tangu miaka ya 1990. Watafiti walipima wakaona kwamba kilo tatu za majani yake mabichi zaweza kushika mahali pa kilo moja ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa, na kwamba vichaka 500 hivi vyamtosha ng'ombe mmoja mwaka mzima. Ukivipanda kwa nafasi ya nusu meta, vichaka 500 ni meta 250, yaani mzunguko wa ile ekari ya mraba. Alizeti mwitu, ile yenye maua ya manjano ambayo imejaa kando ya njia za Magharibi na Nyanza, majani yake yana nitrojeni na potasiamu kwa wingi, na yakikatwa na kufukiwa shambani huoza upesi na kuurutubisha udongo. Lakini tusidanganyane: mimea hii miwili haimzuii ng'ombe, bali humwita. Ipandwe ndani, na upande wa nje uwekwe kitu chenye miiba au waya.

Katika nchi ya Wajaluo, na katika nchi nyingi kavu, watu hutumia mnyaa, ule mti usio na majani ya kuonekana na wenye vijiti vya kijani kama vidole. Hupandwa kwa kuchomeka tawi tu ardhini, mbuzi hawauli, na ukame hauudhuru. Una ubaya mmoja mkubwa. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huchoma vikali, na waweza kumpofusha mtu kwa muda, hata kuliharibu jicho kabisa asipotibiwa. Anayeukata avae miwani au kitu cha kufunika macho, asijipanguse uso kwa mkono, na watoto wasiruhusiwe kuvunja vijiti vyake katika michezo. Utomvu ukiingia jichoni, liosheni mara moja kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile.

Iko mimea mingine ambayo twawaomba wasomaji wasiipande kabisa, ijapokuwa hukua upesi na mingine hupendeza macho. Mvuti, wenye vishada vya maua ya rangi mbalimbali na harufu kali, uliletwa kutoka Amerika ya kitropiki kuwa pambo na ua. Ndege hula tunda lake na kuzitawanya mbegu, mpaka malisho yamefunikwa. Na ng'ombe akila majani yake huugua ini, na ngozi yake hubabuka juani. Mwaka 1964, ugonjwa wa malale ulipozuka Alego katika Nyanza, wachunguzi walikuta mbung'o wakijificha katika nyua na vichaka vya mvuti vilivyozunguka miji ya watu. Ua uliokusudiwa kulinda mlango ulikuwa umeufuga ugonjwa mlangoni.

Mpungate nao una habari yake huko Laikipia Kaskazini, upande wa Dol Dol. Ulipandwa wakati wa ukoloni kuwa ua na pambo karibu na majumba. Tembo na nyani wakala matunda yake wakatembea nayo, na sasa maelfu ya ekari za malisho yameshikwa. Tunda lake lina miiba midogo kama vinyweleo ambayo huwadhuru mbuzi na ng'ombe katika midomo, macho na matumbo. Wafugaji wa huko hawakuupanda wao, lakini ndio wanaozika mbuzi. Katika miaka ya 2010 alianza kutumiwa kidudu mdogo aitwaye kochinili, ambaye hunyonya mpungate mpaka ukauke. Anasaidia, ila kazi ni ya miaka mingi. Basi mtu akikuletea mche wa ua usioujua na kukuambia kwamba huota po pote bila kutunzwa, hiyo ndiyo sababu ya kumwuliza kwanza Bwana Shamba.

Asiyeweza kungoja miaka mitatu atatumia nguzo na waya. Hapa fedha hupotea katika nguzo kuliko katika waya. Mkaratusi mbichi uliokatwa jana na kusimamishwa leo huliwa na mchwa na kuoza katika miaka michache. Nguzo ya mtarakwa hudumu miaka mingi sana, ndiyo maana mitarakwa ya zamani imekwisha; na kuikata katika msitu wa serikali bila kibali ni kosa. Kilichobaki kwa wengi ni nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa kiwandani, au za saruji. Nguzo zenye dawa ni nzuri, lakini vipande vinavyobaki visitiwe jikoni kamwe, maana dawa inayotumika sana ina aseniki ndani yake, na moshi wake ni sumu. Nguzo ya futi nane ichimbiwe futi mbili, nafasi iwe meta tatu baina ya nguzo na nguzo. Kwa ekari ya mraba utahitaji kama 85. Nguzo za pembeni ziwe nene kuliko nyingine zote na zitiwe mihimili ya kuzisukuma nyuma, kwa kuwa uzito wote wa kuvuta waya huangukia hapo. Seng'enge za mistari mitano zitamzuia ng'ombe. Mbuzi ataona mistari mitano ni milango minne; kwake yeye hutakiwa wavu wa waya, au seng'enge zilizokaribiana sana kwa chini.

Watu wa Ukambani na wafugaji wengi wanayo hekima nyingine ya nguzo ambayo fundi wa mjini haijui. Hukata magogo mabichi ya miti ya jamii ya manemane, au ya mwamba-ngoma, wakayasimamisha ardhini karibu na mvua. Gogo huota mizizi, likawa nguzo hai ambayo mchwa hawaiwezi. Katika mbuga za Wamasai upande wa Tanzania wameunganisha hekima hiyo na wavu wa dukani: miti hai ndiyo nguzo, na wavu umeshikizwa juu yake, na mazizi ya namna hiyo yamezuia simba vizuri kuliko miiba mikavu ya kawaida. Kumbuka tu kuacha nafasi kidogo unapopiga misumari, maana mti unanenepa.

Tumemtaja simba, na kwa waishio kandokando ya mbuga si maneno ya hadithi. Simba mara nyingi hana haja ya kuvunja zizi. Hulizunguka na kuwatisha ng'ombe mpaka walivunje wenyewe na kutoka. Kijana Richard Turere, aliyekuwa akichunga ng'ombe wa baba yake mpakani mwa mbuga ya Nairobi upande wa Kitengela, aliona kwamba simba huogopa taa inayotembea. Akiwa na umri wa miaka 11 alifunga balbu kuzunguka zizi, akitumia betri ya gari na kifaa cha pikipiki cha kuwakisha na kuzima taa, zikawa zinamulika kwa zamu kana kwamba mtu anazunguka na tochi. Habari yake ilienea ulimwenguni mwaka 2013. Na huko Sagalla, Taita Taveta, ambako tembo hutoka Tsavo kuja kula mahindi, wakulima wametundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, kila meta 10, yote ikiunganishwa kwa waya. Tembo akisukuma waya mizinga hutikisika, na nyuki hutoka. Tembo wengi hugeuka wakarudi, na mwenye shamba hupata asali ya kuuza. Haifai kuificha kasoro yake: ukame ukiwa mkali na maua yakikosekana nyuki huhama, na mzinga mtupu haumwogopeshi tembo kwa muda mrefu.

Kwa wakaao mjini shauri ni fupi. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kina mzunguko wa futi 300, kama meta 91, na wengi hukizungushia ukuta wa mawe kabla hata ya kumaliza kuezeka nyumba. Ulizeni kwanza katika ofisi ya kaunti, maana ukuta huhitaji kibali kama nyumba. Tena mkumbuke kwamba ukuta mrefu usiopenyezwa na jicho humficha mwizi akiisha kuingia, wala jirani hawezi kuona jambo lo lote mpaka asubuhi. Ukuta wa kimo cha kifua wenye wavu au vyuma juu yake, na bogenvilia yenye miiba ikiutambaa, hutosha nyumba nyingi, na hugharimu kidogo. Mabati huonekana rahisi, lakini upepo huyang'oa, na yenyewe ndiyo huibiwa kwanza.

Limebaki lango, ambalo husahauliwa mpaka siku ya mwisho. Lipime kwa kitu kikubwa kitakachoingia, si kwa mtu. Kama unatumaini gari la mchanga au la maziwa lifike uani, acha futi 12. Nguzo linaloning'inia iwe nene na ichimbiwe futi tatu, ishindiliwe mawe pande zote, kisha iachwe majuma mawili kabla ya kutundikwa lango. Nalo lifunguke kwa ndani, lisije likawapiga wapitao njiani.